Bolti Iliyolika Upande Mmoja

Hapa mezani, kando ya kipaza sauti, nimeweka bolti moja. Wewe huioni, basi nitakueleza ilivyo. Ina unene wa nusu inchi na urefu unaokaribia kidole changu cha kati. Kichwa chake ni kizima, na meno yake ya kufungia nati ni mazima pia. Nikipitisha dole gumba juu ya shingo yake nasikia ulaini na mviringo, kama ilivyotoka kiwandani. Nikiigeuza, dole linatumbukia. Upande wa pili umeliwa ukawa bonde, kama mche wa sabuni uliosuguliwa siku zote upande uleule.

Bolti hii nimeiazima Muthara, kule Tigania Mashariki, katika kaunti yetu ya Meru. Ilikuwa imeshika gurudumu la mashine ya kukata nyasi ya shule, ile ya kusukuma ukitembea nyuma yake: injini ndogo juu, kisu chini, magurudumu manne ya plastiki pembeni. Na kilichoila bolti si chuma mwenzake. Imeliwa na plastiki. Nitakueleza plastiki hulaje chuma, kwa sababu nimeona stoo za shule na za makanisa ambamo mashine kama hii imelazwa miaka, imefunikwa gunia, injini yake ingali nzima, kosa lake likiwa gurudumu tu.

Unajua Januari ilivyo huku kwetu. Mvua za Oktoba hadi Desemba zimekwisha kunyesha, wanafunzi walikuwa likizoni, na ukoka umepanda hadi magotini. Shule inafunguliwa, wazazi wanakuja na masanduku ya bati na magodoro, na mwalimu mkuu hataki mtoto wa mtu akanyage nyoka. Enzi zetu tulipewa mafyekeo, tukapangwa mstari mmoja, tukafyeka mpaka malengelenge. Siku hizi shule nyingine zina mashine. Inatolewa stoo, inapanguswa, inavutwa kamba, inanguruma. Hatua ishirini tu, na mtunza bustani anaona jambo: gurudumu la mbele linakwenda likitikisa kichwa. Kona moja ya mashine inazama, kisu kinakwangua udongo na kuacha vipara vyekundu, kisha kona inainuka na nyasi zinabaki ndefu. Uwanja mzima unaonekana kama kichwa kilichonyolewa gizani.

Nilikuwapo mtunza bustani wa shule ile ya Muthara, ambaye ni mzee, alipoileta mashine kwa fundi, siku ya soko. Fundi ni kijana, hana hata miaka thelathini, na karakana yake ni turubai moja, vaisi moja iliyofungwa kwenye gogo, na mashine ya kuchomelea.

"Kijana wangu, hili gurudumu limekufa," mzee akasema. "Nitafutie jingine."

Fundi akalishika juu na chini, akalitikisa. Likagonga: ko, ko. "Halijafa, mzee. Linacheza tu. Mashine hii hufanya kazi wapi?"

Mzee akahesabu kwa vidole. Shuleni. Kanisani kila Jumamosi. Zahanati mara moja kwa mwezi. Na kwa mzee wa bodi kukiwa na harusi.

"Na hufikaje huko?"

"Naisukuma, nifanyeje?"

Fundi hakujibu. Alionyesha barabara kwa kidevu. Pikipiki ilikuwa imepita hivi punde, na vumbi lilikuwa bado linashuka juu ya magunia ya maharagwe. Nami, niliyefundisha ufundi wa chuma miaka mingi, nikajiona nimefunzwa kwa swali moja. Siku zote nilikuwa nikitafuta ugonjwa wa mashine hizi uwanjani penye nyasi, kumbe huupata njiani.

Tupige hesabu. Mashine inayokata upana wa nusu mita, ikitakiwa kumaliza kiwanja cha mita 20 kwa 25, itasukumwa kilomita moja. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 20 huzunguka karibu mara 1,600 katika kilomita hiyo. Linazunguka juu ya majani laini yenye umande, na hilo ndilo alilolipanga mtengenezaji. Sasa ichukue kilomita hiyohiyo juu ya kokoto za barabara, mara 1,600 tena, kila kokoto ikipiga gurudumu ubavuni, na vumbi la udongo wetu mwekundu wa volkano ya Nyambene likiingia katika kitovu. Mizunguko ni ileile, lakini maumivu hayalingani hata kidogo.

Vumbi hilo ndilo huifanya plastiki ile chuma. Katika mashine nyingi za bei nafuu, gurudumu halina beringi. Ni tundu tu la plastiki, na bolti imepita katikati yake. Punje za mchanga zinapoingia, zinazama katika plastiki kwa sababu ni laini, na zikishazama hazitoki. Tundu zima linageuka msasa. Msasa huo unazunguka, bolti imesimama, na chuma kinapukutika kidogo kidogo. Gundi na karatasi ya msasa pia ni vitu laini, lakini vikishika mchanga hukwangua bati. Ni kazi ileile.

Na kwa nini bolti hii imelika upande mmoja tu? Kwa sababu haizunguki. Uzito wa mashine unaikandamiza chini muda wote, basi ni tumbo lake tu linalosuguana na gurudumu. Mgongo wake hauguswi. Tundu la gurudumu, kwa kuwa linazunguka, hulika pande zote sawasawa na kubaki duara, ila duara linalokua. Na halikui sawa kutoka mwanzo hadi mwisho wa tundu. Gurudumu likishaanza kuyumba, midomo miwili ya tundu ndiyo inayopigwa zaidi, nayo inapanuka kama mdomo wa tarumbeta huku katikati pakibaki pembamba. Ndiyo maana ukichungulia kwa juu utadhani ugonjwa ni mkubwa, na ukipima katikati utaona bado kuna nyama ya kutosha kuokoa.

Mchezo mdogo kwenye kitovu ni mkubwa ukingoni. Kitovu chenye urefu wa milimita 40 kikipata nafasi ya milimita moja tu kuzunguka bolti, ukingo wa gurudumu la sentimita 20 utayumba karibu milimita 5 kutoka kushoto hadi kulia. Yule anayesema "ni kamilimita tu, haidhuru" hajaiona hesabu hii. Na jinsi linavyozidi kuyumba ndivyo linavyozidi kupiga, na jinsi linavyopiga ndivyo tundu linavyozidi kupanuka. Mwezi wa kwanza huoni kitu, wa pili unasikia mlio, wa tatu gurudumu limelala.

Hapo mtu hukimbilia grisi. Anaipakaza kwa kidole, anaishindilia mpaka imefurika nje. Kwa siku mbili mashine inanyamaza, naye anafurahi. Kisha anaisukuma barabarani, na grisi ile inanasa vumbi lote lililopita. Grisi na mchanga ni dawa ya kusagia. Mafundi wa injini hununua mchanganyiko wa aina hiyo dukani makusudi, ili wasage vali zikae vizuri. Wewe umeitengeneza bure na kuiweka mahali pasipotakiwa. Tundu la plastiki linaloishi vumbini linataka kufunguliwa, kupanguswa kwa kitambaa kikavu, na kama ni lazima kupakwa mafuta membamba kidogo tu, kisha kupanguswa tena. Najua wengi hawataniamini. Jaribu msimu mmoja.

Aliyebuni mashine ya kukata nyasi hakuwa na barabara ya Muthara akilini. Alikuwa Edwin Budding, fundi wa eneo la Stroud, Uingereza, naye alipata hataza mwaka 1830. Wazo alilitoa katika viwanda vya sufu vya kwao, ambako mashine yenye visu vya kuzunguka ilikuwa ikinyoa malaika ya kitambaa ili kiwe laini. Akaona kwamba kinachonyoa nguo kinaweza kunyoa uwanja. Mashine yake ilikuwa ya chuma cha kuyeyushwa, nzito mno, na ilitembea juu ya rola, si juu ya vigurudumu. Budding huyohuyo anatajwa pia katika habari za kubuniwa kwa spana ya kurekebisha taya, ile unayoikaza na kuilegeza kwa dole gumba. Mtu aliyetupa tatizo alituachia na kifaa cha kulifungulia.

Sura ya mashine tunayoijua sisi, kisu kimoja kinachozunguka chini kama feni, ilipata umaarufu mkubwa kupitia Mervyn Victor Richardson wa Sydney, Australia, aliyeanza kuuza mashine zake za Victa mwaka 1952. Mfano wake wa kwanza ulitumia mkebe wa pichi kuwa tangi la mafuta. Nikisoma habari hiyo namwona kama fundi wa jua kali mwenzetu, mtu wa kuokota mkebe na kuuliza utafaa nini.

Na nyasi zenyewe, msikilizaji, ni zetu. Ile nyasi nene inayoitwa Kikuyu, inayofunika viwanja vya Australia, Afrika Kusini na California, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Hutambaa juu na chini ya ardhi, ikajifuma kama godoro. Gurudumu huzama ndani yake, na msukumaji, akitaka kugeuza mashine, hukandamiza mpini, akainua mbele na kuitupa mashine nzima juu ya magurudumu mawili ya nyuma. Kwa hiyo usishangae ya nyuma yakichoka mapema kuliko ya mbele hata kama mashine haijawahi kuona barabara.

Sasa tuingie kazini, polepole. Kabla hujagusa gurudumu, zima injini, iache ipoe, kisha chomoa waya wa plagi na uusogeze mbali. Nasema hivi kwa moyo wote. Kisu cha sentimita 50 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu kilomita 280 kwa saa. Injini iliyopoa na yenye plagi inaweza kuruka mara moja ukizungusha kisu kwa mkono, na mara moja inatosha kuondoka na vidole. Ukitaka kuilaza mashine ubavu, kwanza punguza petroli, kisha kabureta na kichujio cha hewa viwe upande wa juu, la sivyo oili itamiminika katika kichujio na utapata ugonjwa wa pili hujatibu wa kwanza. Mimi napenda kuiacha isimame, niiweke juu ya vipande viwili vya mbao.

Shika gurudumu juu na chini, litikise, huku jicho lako likiwa kwenye kichwa cha bolti. Kama kichwa kimetulia na gurudumu linacheza, ugonjwa uko kitovuni. Kama kichwa cha bolti kinatikisika pamoja na gurudumu, ama nati imelegea ama tundu la bati la mashine limepanuka. Watu wengi huruka hatua hii. Wananunua gurudumu jipya, wanalifunga kwenye bati lililopasuka, na wiki hiyohiyo linayumba kama la kale. Bati lililochoka huponywa kwa kuchomelea kipande cha chuma bapa juu yake na kutoboa tundu jipya. Lakini tangi la petroli liondoke kabisa kwanza, lipelekwe mbali. Usiseme ni tupu. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Nati ikifunguka, itazame bolti kabla ya kuitupa. Bolti halisi ya gurudumu ina bega: sehemu nene, laini, isiyo na meno, ambayo gurudumu hukaa juu yake, kisha meno membamba mwishoni. Nati hukazwa dhidi ya bega, si dhidi ya gurudumu, ndiyo maana unaweza kuikaza kwa nguvu zote na gurudumu bado likazunguka. Bolti hiyo ikipotea, mtu huchukua bolti ya kawaida ya hadware, yenye meno mpaka shingoni. Msikilizaji, meno hayo ndani ya plastiki ni tupa. Yatakata tundu kabla mvua hazijaisha. Kama huna bolti yenye bega, vika bolti yako mrija wa chuma unaofunika meno yote, gurudumu lizunguke juu ya mrija huo.

Na kama bolti ni ya asili, ila imelika tumbo kama hii niliyo nayo, kuna kitu ambacho fundi kijana alikifanya kwenye gurudumu la mbele bila hata kuwaza: aliilegeza nati, akaigeuza bolti nusu mzunguko, akakaza tena. Mgongo ukawa tumbo. Chuma kizima kabisa, ambacho hakijaguswa miaka yote hiyo, kikaingia kazini. Haikumchukua dakika mbili, wala hakumtoza mzee chochote kwa gurudumu lile.

Tundu la plastiki lililopanuka haligeuzwi. Hilo linahitaji bushi. Bushi ni kipande cha mrija kinachokaa kati ya bolti na gurudumu, nacho kazi yake ni kulika. Anayetengeneza gari au kinu huweka bushi mahali anapojua patasuguliwa, ili siku ya kulipa iwe ni kipande kidogo cha bei rahisi kitakachotolewa, si gurudumu wala ekseli. Mashine zetu za bei nafuu zimenyimwa kipande hicho, na kukitia ni kuirudishia mashine haki yake.

Kipimo kwanza. Pima bolti mahali palipo pazima, pima tundu katikati ambako halijapanuka, na pima ukuta wa plastiki uliobaki. Kalipa ya bei rahisi inatosha. Asiye nayo apeleke vitu vyenyewe viwili kwa fundi na asiende na makadirio ya kidole. Halafu tundu lipanuliwe hadi lifikie palipo na plastiki nzima, bushi iingie kwa kubana. Utoboe kwa keekee ya kusimama, gurudumu limefungwa, biti moja baada ya nyingine. Kwa keekee ya mkononi tundu litainama, na ukilikaza gurudumu lililotobolewa kwa kuinama utakuwa umetengeneza kuyumba kupya kwa mikono yako mwenyewe. Na bushi iwe na urefu wote wa kitovu. Bushi fupi ni kama kiti cha mguu mmoja.

Bushi inatoka wapi? Anayeweza kufika Meru mjini atapata wa kumkerezea ya shaba au ya nailoni ngumu kwa kipimo chake, na hiyo ndiyo bora. Lakini nitakwambia ile niliyoiona Muthara, kwa kuwa iliniingia moyoni. Fundi aliokota kipande cha bomba la maji la kijani, lile la PPR linalounganishwa kwa moto, kilichobaki kwa fundi bomba jirani. Bomba la milimita 20 la aina nzito lina ukuta wa milimita 3.4, kwa hiyo ndani linabaki milimita 13.2. Bolti ya nusu inchi ina milimita 12.7. Inaingia, bomba linazunguka juu yake, na inabaki nusu milimita ya kupumua. Alikata kipande kwa msumeno, akakipiga tupa mwishoni, akakisukuma ndani kwa vaisi, akaweka washa pana kila upande ili gurudumu lisisogee ubavuni. Hiyo si dawa ya miaka kumi. Ni ya msimu mmoja au miwili, kisha kinakatwa kipande kingine. Kipande chenyewe ni makombo ya jirani.

Baadhi ya mashine zina beringi, na huko kazi ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani, ila ujue kusoma namba. Beringi ikiandikwa 6202, tarakimu mbili za mwisho zinakueleza tundu: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa 5. Basi 6202 ina tundu la 15, kipenyo cha nje 35, unene 11. Ile 6302 ina tundu hilohilo la 15, lakini nje ni 42 na unene 13, kwa hiyo haitaingia hata ukiibembeleza. Namba 6301 na 6302 ni za kawaida kwenye magurudumu ya pikipiki ndogo, ndiyo maana kila mahali penye vijana wa bodaboda utazipata. Omba iliyoandikwa 2RS, yenye mpira pande zote mbili, kwa sababu ya vumbi. Na ukiipigilia, piga ukingo wa nje, usipige wa ndani. Nguvu ikipita kwenye gololi beringi imeumia kabla ya kazi yake ya kwanza.

Kabla ya plastiki na nailoni, watu walitumia mti. Mikokoteni ya ng'ombe katika Afrika imetembea juu ya bushi za mti mgumu uliochemshwa katika mafuta mpaka ukashiba, na meli za bahari kuu ziliwahi kuzungusha mihimili ya rafadha zao ndani ya vipande vya mti uitwao lignum vitae, ambao una utomvu wa mafuta ndani yake. Nalisema kwa ajili ya yule aliye mbali na duka lolote, mwenye kipande cha mti mgumu na sufuria kuukuu. Anao uwezo.

Nilimwuliza fundi kijana alijifunzia wapi. Kwa mjomba, akasema, aliyepitia chuo cha ufundi cha kijijini. Vyuo hivyo vilianza nchini miaka ya 1960, baada ya Baraza la Kikristo la Kenya kutoa ripoti mwaka 1966 iliyouliza kijana atafanya nini akishamaliza shule. Leo viko chini ya kaunti, na kuna wazazi wanaompeleka mtoto huko wakiinamisha kichwa, kana kwamba wanaungama. Inaniuma. Siku ile nilimwona kijana akipima tundu mara tatu, katika pande tatu, akaandika namba kwa chaki juu ya gogo, akafuta, akapima tena kwa kuwa hakuridhika. Mwanafunzi wa aina hiyo, mwalimu huomba kila mwaka apate mmoja.

Mzee alisimama pale muda wote, mikono mgongoni. Kazi ilipokwisha, magurudumu matatu yalikuwa yametulia: la mbele limegeuziwa bolti, na mawili yametiwa bushi. Akashika mpini, akageuka kuelekea barabarani.

"Mzee, ngoja," fundi akamwita. "Ukiisukuma hivyo, tutaonana Machi."

"Sasa nitaibeba mgongoni?"

Fundi akapiga mluzi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kijana wa wilibaro, zile za bati nene kama zinazotengenezwa Kamukunji, Nairobi, akingoja mizigo ya soko. Wakaiinua mashine wote watatu, mpini ukakunjwa, magurudumu manne yakabaki hewani. Wilibaro ikaondoka na mashine kama mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali. Mzee aliifuata nyuma, na kila hatua kadhaa alinyoosha mkono, akazungusha gurudumu moja kwa kidole, akalitazama linavyokwenda mpaka lisimame lenyewe.

Nimesema magurudumu matatu. La nne, la nyuma kushoto, tulilifunga kwa bolti ya kuazima, yenye mrija, kwa sababu bolti yake niliomba nije nayo hapa studioni niwaeleze. Fundi alikubali kwa shingo upande. Akaniambia, "Mwalimu, usiipoteze. Hiyo ina upande mmoja ambao haujaanza kazi." Nairudisha kesho kwa matatu ya asubuhi.